Baba kahamia Texas, amri ya New York yamfuata

Ndoa ilifungwa California mwaka 1959, bwana harusi akiwa safarini kutoka kambi ya jeshi huko Texas kwenda kituo chake cha kazi Korea. California alipita tu, siku tatu. Baadaye mume na mke wakaishi New York, wakazaa watoto wawili, na mwaka 1972 wakatengana. Mama akahamia San Francisco. Mkataba wa kutengana ulitiwa saini New York, kisha mama akapanda ndege hadi Haiti kuchukua talaka. Walikubaliana kwamba watoto watakaa kwa baba wakati wa masomo na kwa mama wakati wa likizo, na kwa siku hizo za likizo baba atatoa dola 3,000 kwa mwaka.

Mwishoni mwa mwaka 1973 binti akasema anataka kuhamia kwa mama moja kwa moja. Baba hakugoma, akamkatia tiketi ya kwenda bila kurudi. Miaka miwili baadaye kaka yake naye akafuata, safari hii tiketi ikitumwa na mama bila baba kujua. Watoto wote wawili sasa wakiwa kwake, mama akafungua kesi California akitaka matunzo yaongezwe. Baba akajibu kwamba mahakama ya California haina mamlaka juu yake: hakai huko, hafanyi kazi huko, hana biashara huko.

Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi, majaji sita dhidi ya watatu, hukumu ikiandikwa na Jaji Thurgood Marshall. Mzazi aliyemruhusu mtoto akaishi na mwenzake, ilisema, hawezi kwa hilo pekee kuburutwa mbele ya mahakama za jimbo asiloishi. Zile siku tatu za harusi nazo hazikuhesabiwa kuwa kitu. Kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la Kulko, bado inasomwa katika vyuo vya sheria, na kwa akina mama waliohama na watoto wao ujumbe wake ulikuwa mfupi: ukitaka matunzo, kamfuate huko huko aliko.

Kumfuata si jambo dogo katika nchi yenye majimbo 50 ambayo kila moja lina sheria zake za familia. Hata umri wa kuacha kumtunza mtoto haufanani. New York mzazi hulipa hadi mtoto atimize miaka 21. Alabama ni 19. Texas ni 18, au mpaka amalize sekondari. Hesabu ya kiwango nayo ni ya kila mtu na lake: Texas hukata asilimia 20 ya kipato halisi cha mzazi anayelipa kwa mtoto mmoja, bila kuuliza mwenzake anapata kiasi gani, wakati New York hujumlisha vipato vya wazazi wote wawili, ikachukua asilimia 17 kwa mtoto mmoja, kisha ikawagawia mzigo kwa kadiri ya mapato yao. Mtoto ni yule yule, wazazi ni wale wale, lakini fedha hutofautiana kwa sababu ya mstari uliochorwa kwenye ramani.

Majaribio ya kuuvuka mstari huo ni ya zamani. Mwaka 1950 ilitungwa sheria ya mfano ambayo majimbo yote hatimaye yaliifuata kwa namna moja au nyingine. Mama alifungua madai nyumbani kwake, makaratasi yakatumwa kwa posta hadi jimbo la baba, na mwendesha mashtaka wa huko akasimama badala yake. Kwenye karatasi, mpango ulikuwa mzuri. Mahakamani, jaji alikuwa akimtazama baba aliyesimama mbele yake, mtu wa jimbo lake, anayeeleza shida zake kwa mdomo wake mwenyewe. Mama alikuwa faili tu. Jaji akaandika amri mpya, mara nyingi yenye kiwango cha chini. Amri ya kwanza haikufutwa. Baba akihama tena, jimbo la tatu nalo likaandika yake. Matokeo yake mtoto mmoja aliweza kuwa na amri tatu zilizo hai, zenye viwango vitatu, na hakuna ofisa aliyeweza kusema kwa uhakika mtu anadaiwa kiasi gani.

Serikali kuu ilikuwa imekaa pembeni hadi Januari 4, 1975, Rais Gerald Ford alipotia saini sheria iliyoanzisha mpango wa taifa wa kukusanya matunzo. Alitia saini huku akilalamika kwamba Washington inajiingiza mno katika mambo ya ndani ya familia. Sababu ya kujiingiza ilikuwa fedha: akina mama walioachwa walikuwa wakiishi kwa misaada ya serikali, na serikali ilitaka kurudishiwa chake na baba wa mtoto. Nia hiyo ya mwanzo haijaondoka mpaka leo. Mama anayepokea msaada wa fedha wa TANF hulazimika kulikabidhi jimbo haki yake ya matunzo, na katika majimbo mengi sehemu kubwa ya anachokatwa baba huishia kwenye hazina, haimfikii mtoto. Ni jambo ambalo akina baba wengi hawalijui hadi siku wanapogombana na mama kwa kumdhania anakula hela peke yake.

Tume iliyoundwa na Bunge la Marekani kuchunguza matunzo yanayovuka mipaka ya majimbo ilitoa ripoti mwaka 1992. Ilikuta kwamba takriban kesi tatu kati ya kumi zinahusu wazazi walio katika majimbo tofauti, lakini kati ya kila dola kumi zilizokusanywa ni dola moja tu iliyotokana na kesi hizo. Kuhama kulikuwa kinga nzuri kuliko wakili.

Mwaka huo huo yakatokea mambo mawili. Bunge lilifanya kuwa kosa la jinai la serikali kuu mtu kukataa kwa makusudi kumlipia mtoto anayeishi jimbo jingine, na mwaka 1998 adhabu ikakazwa: deni likizidi dola 10,000 au likipita miaka miwili, kifungo kinaweza kufika miaka miwili. Mmoja wa walionaswa mapema alikuwa mshauri wa uwekezaji wa New York aliyekuwa na deni la zaidi ya nusu milioni ya dola, ambaye alikuwa amehama hama kupitia Canada na Florida hadi alipokamatwa Vermont mwaka 1995. Magazeti yalimfaidi sana. Lakini watu wa aina yake ni wachache, na jambo la pili la mwaka 1992, ambalo halikupata hata picha gazetini, ndilo lililobadilisha maisha ya wengi.

Hilo lilikuwa sheria mpya ya mfano inayojulikana kwa kifupi chake, UIFSA. Msingi wake ni kwamba mtoto mmoja awe na amri moja kwa wakati mmoja, basi. Jimbo lililotoa amri hubaki na mamlaka juu yake maadamu mtoto au mmoja wa wazazi bado anaishi humo, na majimbo mengine kazi yao ni kuitekeleza kama ilivyo, bila kuichezea. Mwaka 1996, katika sheria kubwa ya Rais Bill Clinton ya kurekebisha misaada, kila jimbo liliambiwa liipitishe UIFSA kabla ya Januari 1, 1998, la sivyo lipoteze fedha za serikali kuu. Yote yaliipitisha.

UIFSA ilipanua pia njia za kumpata baba bila kumfuata. Mahakama ya jimbo la mama inaweza kumwajibisha aliye mbali ikiwa aliwahi kuishi humo na mtoto, ikiwa aliwahi kuishi humo akagharimia ujauzito, au hata ikiwa tendo lililozaa mimba huenda lilifanyika ndani ya jimbo hilo. Wanasheria wa familia hukitaja kifungu hicho cha mwisho kwa tabasamu, ila kinafanya kazi: usiku mmoja hotelini Ohio unaweza kumpa jaji wa Ohio mamlaka juu ya mwanamume ambaye hajarudi huko tena. Mama naye halazimiki kusafiri. Ushahidi wake hupokelewa kwa simu au kwa maandishi ya kiapo, na bili za hospitali ya uzazi zinakubalika bila daktari kuitwa.

Tuseme mama anaishi Buffalo, New York, mji wenye familia nyingi za Kikongo zilizofika kama wakimbizi. Ana amri ya mahakama ya dola 150 kwa wiki. Baba ameondoka kimya kimya na kuanza kazi katika kiwanda cha nyama Amarillo, Texas, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Siku ya kwanza kazini alijaza fomu na kuandika namba yake ya hifadhi ya jamii. Ndani ya siku 20 mwajiri lazima apeleke taarifa hizo kwenye daftari la jimbo la waajiriwa wapya. Kutoka hapo zinaingia kwenye daftari la taifa lililoanza Oktoba 1997, na kompyuta huzilinganisha na orodha ya kesi zote za matunzo nchini. Ikipatikana namba inayofanana, taarifa inarudi New York.

Kinachofuata ndicho ambacho mtu wa mwaka 1978 asingekiamini. New York haiendi mahakamani Texas wala haihitaji mwendesha mashtaka wa Texas. Inatuma fomu ya makato moja kwa moja kwa idara ya mishahara ya kiwanda, fomu ile ile inayotumika nchi nzima, nayo inatakiwa kuitii kama vile imetoka kwa jaji wa mtaa wa pili. Baba anaiona kwenye karatasi yake ya mshahara: kodi, bima ya afya, na chini yake mstari mpya, dola 150. Mwajiri ana siku saba za kazi kuituma fedha hiyo. Kitengo cha malipo cha jimbo kina siku mbili za kazi kuipeleka kwa mama.

Kuna kikomo. Sheria ya serikali kuu hairuhusu kukata zaidi ya asilimia 50 ya mshahara baada ya makato ya lazima kwa mtu mwenye familia nyingine anayoitunza, au asilimia 60 kwa asiye nayo, na huongezwa asilimia tano ikiwa malimbikizo yamepita wiki 12. Hata hivyo asilimia 65 ya mshahara wa kiwandani ni fedha nyingi kuikosa. Mfanyakazi anayeona cheki imekatwa zaidi ya nusu huacha kazi, akatafuta ya kulipwa mkononi.

Nyavu nyingine zipo. Marejesho ya kodi ya mapato huchukuliwa kabla hayajamfikia mdaiwa. Leseni ya udereva husimamishwa, jambo ambalo kwa dereva wa lori ni sawa na kufukuzwa kazi, na hapa ndipo mtu anaweza kushangaa mantiki ya kumnyang'anya mdaiwa chombo cha kupatia fedha anayodaiwa. Benki zenye matawi katika majimbo mengi hulinganisha akaunti na orodha ya wadaiwa. Deni likizidi dola 2,500, pasipoti ya Marekani haitolewi.

Mpango mzima hukusanya karibu dola bilioni 30 kwa mwaka, na zaidi ya theluthi mbili hutoka kwenye makato ya mshahara. Kwa maneno mengine, mkono wa sheria unaofika kila jimbo ni wa mwajiri. Penye mwajiri, mipaka ya majimbo imekufa. Pasipo mwajiri, kwa fundi wa nyumba za watu, msusi, muuza magari yaliyotumika au dereva wa teksi ya mtandaoni, sheria inarudi kutembea kwa miguu. Wanaojiajiri na wafanyakazi wa mikataba hawaingizwi kwenye daftari la waajiriwa wapya isipokuwa katika majimbo machache, kama California, yaliyotunga sharti lake lenyewe. Kesi ya namna hiyo hupita kwa njia ndefu. Ofisi ya jimbo la mama hutuma faili kwa masijala kuu ya jimbo la baba, ambayo ina siku kumi za kazi za kukiri kupokea na kulipeleka faili panapohusika, amri husajiliwa, baba hupewa siku 20 za kupinga. Siku zilizoandikwa kwenye kanuni si nyingi. Zinazokula miezi ni za kumtafuta mtu, kumkabidhi hati, na kusubiri ofisa mwenye mamia ya mafaili alifikie lako.

Hadi hapa habari inasomeka kama ushindi wa akina mama, na kwa sehemu kubwa ni ushindi. Lakini amri inasafiri kirahisi zaidi kuliko maombi ya kuibadilisha. Yule baba wa Amarillo akivunjika mkono kiwandani, kipato kikashuka kwa nusu, hawezi kwenda kwa jaji wa Amarillo kuomba apunguziwe. Mama bado yuko Buffalo, hivyo mamlaka ya kubadilisha kiwango yamebaki New York. Lazima apeleke maombi huko, kwa kanuni za huko, mara nyingi bila wakili. Ikiwa mama naye amehama, tuseme Ohio, na hakuna aliyebaki New York, anayetaka mabadiliko ndiye anayepaswa kumfuata mwenzake jimboni kwake. Ni kama kila anayelalamika kupangiwa mechi ya ugenini. Watunga sheria walikusudia hivyo hasa, ili mtu asikimbilie kwa jaji wa nyumbani. Lakini mwenye kipato kidogo huona mlima, akaketi.

Na akiketi, deni halimsubiri. Mwaka 1986 Bunge lilipitisha marekebisho yanayoitwa kwa jina la Seneta Bill Bradley wa New Jersey, yule aliyekuwa nyota wa mpira wa kikapu wa New York Knicks. Kila malipo ya matunzo yanapofika tarehe yake bila kulipwa hugeuka hukumu papo hapo, na hakuna jaji wa jimbo lolote anayeruhusiwa kuyapunguza kwa kurudi nyuma. Mtu aliyelazwa miezi minane na akaomba punguzo mwezi wa tisa hupata punguzo kuanzia alipowasilisha maombi. Ile minane inabaki kama ilivyo. Riba nayo hufuata sheria ya jimbo lililotoa amri: amri ya California hubeba riba ya asilimia 10 kwa mwaka hata mdaiwa akiishi kijijini Montana.

Umri wa mtoto pia unaning'inia kwenye amri. Baba aliyehamia Texas akidhani ataacha kulipa mtoto akifikisha 18 hugundua kwamba amri yake ya New York inaendelea hadi 21, na hata jimbo jingine likipata mamlaka ya kubadilisha kiasi haliruhusiwi kugusa muda.

Malimbikizo ya nchi nzima sasa yamepita dola bilioni 110. Ukisikia takwimu hiyo ni rahisi kuwafikiria watu kama yule mshauri wa uwekezaji aliyekamatwa Vermont. Utafiti wa Urban Institute wa mwaka 2007 katika majimbo makubwa tisa ulionyesha kingine: asilimia 70 ya malimbikizo ilikuwa deni la watu waliokuwa na kipato kilichoripotiwa cha dola 10,000 au chini ya hapo kwa mwaka, au bila kipato kabisa. Sehemu kubwa ya deni hilo haitalipwa na mtu yeyote. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi ya baba wa South Carolina aliyetakiwa kulipa dola 51.73 kwa wiki na akafungwa miezi 12 kwa kutolipa, bila wakili na bila jaji kuandika popote kwamba alikuwa na uwezo wa kulipa. Mahakama haikumpa haki ya wakili wa bure, ila ilisema lazima kwanza pachunguzwe kama mtu ana fedha. Mwishoni mwa 2016 serikali kuu ikatoa kanuni kwamba kifungo cha jela kisihesabiwe kuwa ni mtu kuacha kazi kwa hiari yake. Kabla ya hapo, katika baadhi ya majimbo, mfungwa alitoka gerezani akikuta deni la kila mwezi aliokaa ndani.

Kosa linalowaponza wengi ni la kuchanganya matunzo na kumwona mtoto. "Hanipi mtoto, simpi hela" ni hoja inayosikika katika kila lugha, Kiswahili kikiwemo. UIFSA inakataza waziwazi mahakama kuyafunga mambo hayo mawili pamoja. Baba aliyezuiwa kumwona mtoto ana kesi, na anaweza kuishinda, lakini ni kesi nyingine, chini ya sheria nyingine, na huenda katika jimbo jingine. Kusitisha malipo wakati anaisubiri ni kujitengenezea deni lisilofutika.

Kwa wahamiaji kutoka Kenya, Tanzania au Kongo kuna tanzi la ziada. Zuio la pasipoti halimgusi anayesafiri kwa pasipoti ya kwao. Deni lenyewe ndilo linalomgusa, siku anapoomba uraia: kanuni za uhamiaji zinahesabu kukataa kwa makusudi kuwatunza wanaomtegemea kuwa dosari ya mwenendo mwema, na fomu ya maombi inaliuliza jambo hilo bila kuzunguka. Ofisa hutaka kumbukumbu za malipo kutoka kitengo cha jimbo. Hapo ndipo linapotokea lile la kawaida kabisa, la baba ambaye miaka yote alikuwa akimtumia mama fedha kwa simu, akinunua viatu vya shule na kulipia meno ya mtoto, akiamini ametimiza wajibu. Katika majimbo mengi fedha iliyopita nje ya kitengo cha malipo huhesabiwa kuwa zawadi, isipokuwa kama jaji ataridhishwa vinginevyo. Kumbukumbu za jimbo zinasoma sifuri, na anayetakiwa kuleta ushahidi wa kila dola ni yeye, katika mahakama ya jimbo alilolihama.